Fahamu: Kwa nini wenyeji wa asili wamejaa magerezani Kanada

Wenyeji wa asili ni takriban asilimia 5 tu ya watu wa Kanada, lakini katika magereza ya serikali kuu wanakaribia theluthi ya wafungwa wote. Kwa wanawake hali inatisha zaidi: karibu nusu.

Si kwamba sheria haipo. Mwaka 1999, katika kesi ya Gladue, Mahakama ya Juu iliwataka majaji wapime historia ya mshtakiwa mwenyeji wa asili kabla ya kumfunga, zikiwemo shule za bweni zilizowatenga watoto na wazazi na kuwakataza lugha zao.

Ndani ya gereza mambo ni mengine. Mfungwa hupimwa kwa dodoso la kukadiria hatari yake. Akipata alama za juu, anawekwa kwenye ulinzi mkali na kuachiliwa kwa masharti kunachelewa. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliamua kuwa Idara ya Magereza ilikiuka sheria, kwa kuwa haikuhakikisha vipimo hivyo vinawafaa wenyeji wa asili.

Njia bora ipo. Kituo cha Okimaw Ohci, jimboni Saskatchewan, kilichofunguliwa 1995, huwaweka wanawake wafungwa pamoja na wazee wa jadi, na mama anaweza kuruhusiwa kuishi na mwanawe. Tangu 1992 sheria inaruhusu jamii za wenyeji wa asili zenyewe kuwatunza wafungwa wao. Serikali izipe fedha zifanye hivyo.