Viwanja Vitupu na Mifupa ya Vijana

Mifupa ya binadamu haijengwi kwa chakula peke yake. Kila mguu unapotua kwa kishindo, seli za mfupa huhisi mkazo ule na kuongeza madini mahali palipoelemewa. Kazi hiyo hufanyika kwa wingi katika umri wa kubalehe; ifikapo miaka 20 hivi, sehemu kubwa ya akiba ya mfupa imekwisha kuwekwa. Ndiyo maana kiwanja kitupu cha shule ya sekondari si suala la burudani tu.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza vijana wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawakifikii kiwango hicho: wavulana asilimia 78, wasichana 85.

Wilayani Kilosa vikwazo vina sura yake. Shule za kata, zilizoenea kutokana na mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, nyingi ni za kutwa. Kengele ya mwisho inapolia, jua la uwanda wa Mkata bado ni kali, na mwili unaotoka jasho pasipo maji ya kutosha huchoka upesi. Jua likipoa, mwanafunzi akaaye mbali yu njiani. Huko Mikumi, mji unaopakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, mzazi mwenye busara hapendi mwanawe akutane na tembo wakati wa magharibi. Msichana, akifika nyumbani, hungojewa na ndoo na jiko.

Mwendo wa kwenda shuleni ni mazoezi pia. Anayewaita vijana hawa wavivu hajatembea nao. Lakini kutembea hakuupi moyo kazi ya mbio, wala mfupa kishindo cha kuruka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisitisha mashindano ya michezo shuleni, kisha yakarejeshwa. Hata hivyo, UMISSETA huchagua wachache wenye vipaji. Waliobaki huwa watazamaji. Kamba ya kuruka na netiboli saa moja asubuhi, kabla ya joto na ndani ya ratiba ya masomo, zingemfikia hata yule ambaye jioni hawezi kubaki.