Boti ya chama ilivyomtia mathe mashakani, na funzo nililopata

Kama umewahi kubonyeza *144# kuangalia salio la kredo, basi tayari unajua amri ni nini. Unaandika kitu kifupi, mashine inasoma, inajibu. Haikuulizi umeamkaje. Boti ya gumzo hufanya kazi vivyo hivyo, ila yenyewe inakaa ndani ya apu ya kuchati. Na kabla hujaniuliza: hapana, sizungumzii zile boti za Lamu.

Mimi niliacha chuo karo ilipogoma. Nikabaki na laptopu ya mtumba na Python niliyojifunza kidogo. Mathe naye ni mweka hazina wa chama cha akina mama 20 mtaani kwetu. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa soo tano, jumla Sh10,000, na yeye anaandika kwa daftari. Siku moja nikamwambia, "Mathe, hii kazi nitakufanyia na boti." Akaniangalia vile mama huangalia mtoto aliyeacha shule. Lakini alikubali.

Nilichagua Telegram kwa sababu kuunda boti huko ni bure. Wewe pia unaweza leo. Unatafuta akaunti inayoitwa BotFather, unaandika /newbot, unaipa boti jina, halafu jina la mtumiaji ambalo lazima liishie na "bot". Unapewa tokeni, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Ichunge kama PIN ya M-Pesa. Mtu akiipata, boti ni yake. Ikivuja, rudi kwa BotFather uandike /revoke upewe nyingine.

Nikaunda amri tatu: /lipa, /salio na /msaada. Jina la amri ni herufi ndogo, tarakimu na kistari cha chini pekee, na lisizidi herufi 32. Nilipomaliza kuziorodhesha kwa BotFather kupitia /setcommands, nilidhani nimemaliza kazi. Wapi! Ile orodha ni kama menyu ukutani hotelini. Chakula chenyewe lazima upike. Kila amri inahitaji kipande chake cha programu kinachoeleza ifanye nini.

Shida ya kwanza: nikiwa peke yangu na boti, /salio inajibu. Ndani ya grupu, kimya. Nilikesha usiku mzima. Kumbe kwenye grupu, ukibonyeza amri kutoka kwa menyu, inatumwa ikiwa na jina la boti nyuma yake, yaani /salio@ halafu jina. Programu yangu ilikuwa inangoja "/salio" tupu. Dawa ni kukata kila kitu kuanzia kwa @ kabla ya kulinganisha.

Shida ya pili: akina mama waliandika "lipa 500" bila mkwaju, na boti ikanyamaza. Hapo haikuwa imeharibika. Boti ikiwa kwenye grupu, kwa kawaida haionyeshwi gumzo la watu. Huona tu ujumbe unaoilenga, kama amri. Nami niliacha hivyo makusudi. Sikutaka mashine isome udaku wa chama.

Sasa ile noma yenyewe. Jumamosi moja usiku boti ilitangaza mbele ya grupu nzima kuwa wiki hiyo zimeingia Sh14,000. Mathe alikuwa na Sh10,000 mkononi. Unajua vile grupu za chama huwaka. Ndani ya dakika chache swali lilikuwa moja: zile elfu nne ziko wapi? Mmoja akaandika kuwa hata mtoto wake ndiye aliyetengeneza hiyo mashine. Mathe hakunigombeza. Alizima simu, akaenda kulala bila kula. Afadhali angenigombeza.

Nikafungua rekodi za boti, zile laini zinazoonyesha kila kitu ilichofanya. Hapo ndipo kosa huishi, msee. Usianze kubadilisha programu kwa kubahatisha, soma kwanza. Nilikuta mama mmoja ameandikiwa 500 mara kumi. Na mwingine, wa mwisho kulipa, hakuandikwa hata mara moja. Piga hesabu: akina mama 18 ni 9,000, jumlisha 5,000, jumla 14,000.

Ilikuwaje? Wale wawili walituma karibu wakati mmoja, kwa hivyo boti ilichukua jumbe zao pamoja. Ya kwanza ilikuwa "/lipa 500", ikaandikwa sawa. Ya pili ilikuwa "/lipa 500/=", jinsi sisi wote huandika pesa. Programu yangu ilijaribu kugeuza "500/=" kuwa nambari, ikashindwa, ikaanguka. Nilikuwa nimeiweka ijiwashe yenyewe ikianguka. Ikawaka, na kwa kuwa ilianguka kabla ya kuiambia Telegram kuwa imeshazipokea, ikapewa jumbe zilezile tena. Ikaandika ya kwanza, ikaanguka kwa ya pili. Mara kumi, hadi nilipoizima.

Nilirekebisha mambo matatu. Kwanza, boti inaondoa koma na "/=" yenyewe, na isipoelewa inajibu kwa upole: "Sijaelewa kiasi. Andika hivi: /lipa 500." Pili, kosa la ujumbe mmoja haliangushi boti nzima. Tatu, kila ujumbe Telegram huupa nambari yake ya kipekee. Sasa naihifadhi pamoja na malipo, na nambari ikijirudia boti inakataa kuandika.

Ukianza yako, weka haya akilini. Ukiona kosa 401, kagua tokeni. Ukiona 409, pengine umewasha nakala mbili za boti moja, moja kwa laptopu na nyingine kwa sava. Stima ikipotea, jumbe hukungoja, lakini si zaidi ya saa 24. Na unda grupu ya majaribio, uite rafiki msumbufu aandike "mia tano", "1,000" na upuzi wowote. Mimi nilijaribu kwa watu wenye pesa zao ndani. Usiwe kama mimi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wale akina mama 20 na rekodi zikiwa zimechapishwa kwa karatasi, nikaonyesha laini moja moja. Nilisema kosa ni langu, si la mweka hazina, na si la aliyeandika "/=". Yule aliyenitaja kwenye grupu alimwomba mathe msamaha hapo hapo.

Boti bado inafanya kazi. Daftari pia. Kila Jumamosi jioni mathe anasoma daftari, mimi nasoma simu, na hatufungi hesabu hadi vyote viwili viseme kitu kimoja. Siku vikikosana, tunatafuta kosa kwanza kabla ya kutafuta mwizi.