Kiongozi muzuri wa koperative anajulikana kwenye mizani



Mara nyingi tukifika kwenu mnatuuliza juu ya mbolea, magonjwa ya kahawa na bei. Msimu uliopita, kwenye kituo kimoja cha kuosha kahawa huku Kivu, mama mmoja alituuliza jambo lingine: « Kulima tunajua. Lakini kiongozi muzuri tutamujua namna gani? » Leo tunajaribu kumjibu.

Kiongozi hajulikani kwa maneno ya kwenye mkutano. Anajulikana mangaribi, wakati mifuko inashushwa na mizani imefungwa.

Kanuni ya kupokea kahawa mnaijua. Tunapokea matunda mekundu tu. Yanatiwa ndani ya maji, na yale yanayoelea yanatolewa. Tena sherti yapite kwenye mashini ya kutoa ganda siku ile ile, kwa sababu yakilala ndani ya mfuko yanachacha na ladha inaharibika.

Kwenye kituo kile, kanuni ilifuatwa kwa wote isipokuwa mtu mmoja. Mifuko ya prezida ilipita bila kuchaguliwa, na mabichi ndani. Mpokeaji aliogopa kusema. Kisha siku chache wengine nao wakaleta mabichi: « Kama yake inapita, yangu mutaikatala ju ya nini? » Wale waliokuwa wanachagua vizuri walivunjika moyo, wakaanza kuuzia wachuuzi wa barabarani. Hakuna mtu aliyeiba hata franka moja. Lakini hasara ilikuwa ya wote.

Basi, kiongozi muzuri anafanya nini?

Anaanza na mfuko wake. Kahawa yake inapita ndani ya maji mbele ya watu. Siku mpokeaji anamrudishia beseni ya mabichi, naye anajibu « Aksanti » tu, watu wanajifunza kuliko kwenye semina zetu zote.

Anaonyesha hesabu. Kilo 5 hivi za matunda zinatoa karibu kilo 1 ya kahawa parche iliyokauka. Kama kaye inaonyesha kwamba mlipokea kilo 1.000, depo sherti iwe na karibu kilo 200. Kukiwa kilo 150, kuko jambo: pengine mabichi yalikuwa mengi, pengine mizani ni mbaya, pengine mifuko ilitoka usiku. Kiongozi muzuri hangojei aulizwe. Anafundisha wanamemba wote hesabu hii, hata kama kesho watamhesabia yeye mwenyewe.

Anasema habari mbaya mapema. Wamama wanaochagua kahawa kwenye meza za kuanikia wanangojea malipo yao kwa kununua unga na kulipa masomo ya watoto. Kama feza haijafika, anawaambia mbele ya siku ya malipo, si kisha. Mtu anaweza kuvumilia kukawia. Kufichwa, hapana.

Haogopi kuangaliwa. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, inafuatwa pia inchini kwetu, kwani Congo iliingia OHADA mwaka 2012. Inasema kila mwanamemba ana sauti moja, akiwa na miti 50 ao 5.000. Inaweka pia watu wa kuchunguza kazi ya viongozi. Kiongozi mubaya anawaona kama maadui. Muzuri anawaita mwenyewe: « Mukuje muone kesi. »

Kwenye kituo kile, jambo lilisemwa mwishoni, kwenye mkutano wa wote. Haikuwa rahisi, na prezida alikasirika. Lakini siku iliyofuata alileta mifuko miwili, akaimwaga yeye mwenyewe ndani ya maji. Mabichi yakarudishwa nyumbani kwake. Mpokeaji alituambia kwamba tangu siku ile anaweza kumrudishia kila mtu bila woga.

Kwa mkutano wenu unaokuja, someni ukurasa huu kwa sauti, kisha mujiulize:

1. Kahawa ya viongozi wetu inapimwa wapi, na nani anaona?
2. Mara ya mwisho tulionyeshwa kaye ni lini?
3. Mpokeaji wetu akimukatalia mukubwa, nani atasimama naye?

Swali la tatu si la prezida peke yake. Ni letu sisi wote.