Mama Asiyeona Dukani

Ni nani kati yetu angependa mtoto wa jirani amsomee kila anachonunua, hata pedi na dawa? Ndivyo wanavyoishi dada zetu wengi wasioona. Mwaka 2015 fundi wa samani wa Denmark, Hans Jørgen Wiberg, ambaye mwenyewe haoni vizuri, alizindua programu ya simu iitwayo Be My Eyes. Mama huelekeza kamera kwenye kopo, naye mtu aliyejitolea, pengine yuko mbali kabisa, humwambia: haya ni maziwa ya unga, muda wake haujaisha. Huduma ni bure, ila intaneti hulipiwa. Sokoni nyanya hazina maandishi; hapo vidole vyake vyatosha, navyo huchagua vizuri kuliko macho yangu.