Bustani ya Kivulini: Uteuzi wa Mimea katika Nyua za Mwananyamala

Katika nyua nyingi za Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, nafasi ya kupanda mboga ni ile tu iliyosalia chini ya mwembe au nyuma ya ukuta. Aghalabu mwenye nyumba hupanda mchicha hapo. Miche huota, hurefuka na kupinda, majani hubaki madogo, na baada ya majuma machache shauri linalotolewa ni kuukata mti. Kabla shoka halijachukuliwa, yafaa kuchunguza ni kitu gani hasa kilichopungua, kwani mti ukishaanguka hapana wa kuurudisha, na mchanga mtupu chini ya jua la Januari si bustani.

Mmea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, yaani kwa kuunganisha maji na hewa ya ukaa kwa nguvu ya mwanga. Mmea huo huo hutumia chakula chake usiku na mchana katika kupumua. Kwa hiyo kipo kiwango cha mwanga ambapo pato na matumizi hulingana. Chini ya kiwango hicho mmea hula akiba yake mpaka ufe. Kiwango hicho si kimoja kwa mimea yote. Mchicha, kama mahindi, mtama na muwa, una utaratibu maalumu wa kulimbikiza hewa ya ukaa ndani ya jani. Utaratibu huo huupa faida kubwa penye jua kali, lakini huendeshwa kwa nguvu ya ziada, na nguvu hiyo haipatikani kivulini. Ukoka nao ni wa kundi hilo, ndiyo maana chini ya mwembe hubaki ardhi tupu hata ukipandwa kila masika.

Isitoshe, mwanga unaopenya hadi chini umekwisha kuchujwa: majani ya juu yamefyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa buluu. Mche huutambua upungufu wa mwanga mwekundu na kurefusha shina lake upesi. Urefu huo, ambao mkulima huweza kuudhania kuwa ni afya, ni dalili ya njaa.

Kivuli cha ukuta ni cha namna nyingine, kwa kuwa huhama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Mnamo mwezi Juni, jua linapofika kileleni, huwa upande wa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Ukuta wenye kimo cha meta 3 hutupa kivuli cha meta 1.7 upande wa kusini. Mnamo Desemba jua huwa kusini, nyuzi 17 hivi kutoka utosini, na ukuta huo huo hutupa kivuli cha meta 0.9 upande wa kaskazini. Wanafunzi wenye jedwali la tanjenti waweza kuhakiki hesabu hiyo, kisha wakaipima kwa kamba katika ua wa shule. Maana yake kwa mkulima ni kwamba ukanda ulio kusini ya ukuta, unaokosa jua la adhuhuri wakati wa kipupwe, hulipata tangu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Mchicha uliokataa hapo mwezi Juni waweza kukubali wakati wa vuli.

Hata hivyo mwanga huenda usiwe ndiyo kasoro. Sehemu kubwa ya Mwananyamala ina udongo wa kichanga, usioshika maji wala chakula cha mimea, na mizizi ya mwembe hunyonya kile kidogo kilichopo. Katika sehemu za chini, kama zile zinazoelekea Mto Ng'ombe, shida ni kinyume chake: wakati wa masika maji hujaa, hewa hufukuzwa udongoni, na mizizi huoza kwa kukosa oksijeni. Ili kujua hali ilivyo, na lichimbwe shimo la sentimeta 30, lijazwe maji, na yakishakauka lijazwe tena. Maji yakitoweka kwa dakika chache, huo ni mchanga. Yakiwapo mpaka kesho yake, hapo ni pa mimea ya majimaji.

Karibu na kuta kuna tatizo la tatu, nalo ni kifusi. Saruji na chokaa huufanya udongo uwe wa alikali, na katika hali hiyo madini ya chuma hayayeyuki vya kutosha. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Udongo ukimwagiwa siki ukatoa povu, chokaa imo. Desturi ya kutupia majivu ya jikoni katika kila shina hapa huzidisha ubaya, maana majivu nayo ni alikali. Kifusi kiondolewe, mboji itiwe.

Kwa kivuli chenye maji hapana mmea ushindao magimbi. Shina na mizizi yake vina nafasi za hewa zinazopeleka oksijeni hadi chini, nayo majani yake mapana hukusanya mwanga hafifu. Yapikwe barabara, kwa sababu yana fuwele kali za oksaleti ziwashazo koo. Na pale maji yapitapo karibu na vyoo vya shimo, isipandwe kamwe mboga ya kuliwa mbichi.

Penye kivuli chepesi na udongo usiotuamisha maji, tangawizi na manjano hustawi, mradi mboji iwe nyingi. Iliki isijaribiwe. Ni kweli kwamba huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, hulimwa chini ya miti ya msitu, lakini huko pana ubaridi na unyevu usiopatikana pwani.

Kivuli kikavu ndicho kigumu kuliko vyote, na hapo misitu ya pwani yenyewe hutoa jibu. Zamioculcas zamiifolia, mmea wa asili ya Afrika ya Mashariki na Kusini, huhifadhi maji katika shina nene la chini ya ardhi. Tangu miaka ya 1990 umeuzwa kwa wingi Ulaya kama pambo la nyumbani. Mimea iliyojulikana kwa jina la Sansevieria, yenye majani manene kama mkonge, hufungua vitundu vya majani yake usiku ili isipoteze maji mchana. Hiyo si chakula, na Zamioculcas iwekwe mbali na watoto wachanga, kwani nayo ina oksaleti.

Anayetaka mboga chini ya mwembe asichimbe matuta, maana atakata mizizi ya juujuu. Wala asirundike udongo kwenye shina, kwani gome litaoza. Apande katika madebe yaliyotobolewa au magunia, ambayo huweza kusogezwa kuelekea jua kadiri miezi ipitavyo, na majani ya mwembe yaangukayo yasifagiliwe motoni bali yatandazwe juu ya mchanga.