Kiangazi cha Kandanda: Darasa la Soko la Mifugo Garissa

Msomaji, ukitaka kujua kwa nini klabu nyingi za kandanda hazifufuki baada ya kushuka daraja, usianzie uwanjani. Anzia soko la mifugo la Garissa. Hapo utawaona madalali wakipatana bei kwa desturi ya wafanyabiashara wa Kisomali: mikono imeshikana chini ya kitambaa, vidole vinasema na midomo imefungwa. Jioni, jua likishapungua makali, vijana wa mji huo huo hutoka na mpira wao vumbini, mmoja kavaa jezi ya Arsenal, mwenziwe ya Manchester. Watu wa soko na watu wa mpira hawadhani kwamba wana shughuli moja. Mimi nadhani wanayo.

Mfugaji wa huku anaijua jilaal, yaani kiangazi kikali cha kuanzia Januari. Anajua pia kwamba mvua ya Gu inaweza isije. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika majimbo makavu ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Katika balaa kama hilo wafugaji hugawanyika. Yupo anayeuza mapema, ng'ombe angali na nyama mgongoni, akabakiza mitamba na mbuzi wachache wa kuanzia upya. Yupo anayengoja kwa matumaini au kwa fahari ya kuonekana na zizi kubwa. Huyu wa pili hufika sokoni siku ambayo kila mtu amefika, na ng'ombe wa kuinuliwa kwa mkia. Bei ya ng'ombe imeanguka, ya mahindi imepanda, na dalali hana haraka.

Sasa tazama Leeds United ya Uingereza. Mwaka 2001 ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, tena kwa fedha za mkopo. Mwaka 2002 ilimuuza Rio Ferdinand kwa Manchester United kwa pauni zipatazo milioni 30. Hiyo ilikuwa bei ya ng'ombe mnono, lakini deni lilikwisha kuwa kubwa. Mwaka 2004 ikashuka daraja na kila mnunuzi akajua shida yake. Mark Viduka, aliyenunuliwa kwa pauni milioni 6, akaenda kwa milioni 4.5. Kipa Paul Robinson akaondoka kwa milioni 1.5 tu, naye ndiye aliyesimama langoni mwa Uingereza katika Kombe la Dunia la 2006! Uwanja wenyewe, Elland Road, ukauzwa mwaka huo huo wa 2004. Leeds ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 16.

Waingereza, kwa kuwa wanapenda sana hesabu, waliwawekea wanaoanguka godoro. Klabu inayoshuka huendelea kupata sehemu ya fedha za televisheni: asilimia 55 ya mgao ule unaogawiwa klabu zote sawasawa katika mwaka wa kwanza, 45 mwaka wa pili, na 20 mwaka wa tatu ikiwa ilikaa juu zaidi ya msimu mmoja. Aidha klabu nyingi huandika katika mikataba kwamba timu ikishuka, mshahara nao unashuka.

Mfugaji wa Garissa hatashangazwa na habari hiyo. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, ukianzia Wajir na Turkana, kisha ukafika Garissa na majimbo mengine. Setilaiti ilitazama nyasi kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiasi, mfugaji alilipwa kabla mnyama hajafa. Na katika ukame ule mkubwa, Tume ya Nyama ya Kenya ilinunua mifugo iliyodhoofika. Haikutosha, lakini kulikuwa na mtu aliyefikiri juu ya kiangazi kabla ya kiangazi.

Nani amefikiri hivyo kwa klabu zetu? SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Tegemeo lake lilikuwa kiwanda cha sukari. Mwaka 2019 ilishindwa kufika katika mechi tatu, ikafutwa kwenye ligi. Mwaka huo huo kampuni ya SportPesa ilikuwa imejiondoa katika udhamini wa michezo, na klabu nyingi zikabaki kama kundi lililofika kisimani likakuta tope.

Shabana ya Kisii ilishuka mwaka 2006, ikarejea 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ile angeweza kuichezea siku iliporudi. AFC Leopards, klabu yenye mashabiki kila pembe, nayo ilizama miaka hiyo hiyo, lakini 2009 ikawa imesharudi.

Kuna waliotaka kuimaliza njaa kwa noti. Wazito ilipanda mwaka 2018 na kushuka mwaka huo huo. Ilikuwa na mfadhili mwenye uwezo, ikasajili wachezaji wengi wenye majina, ikarudi 2019. Mashabiki wakashangilia, na nani angewalaumu? Lakini usajili ukaendelea kwa fujo, makocha wakapishana mlangoni, na msimu wa 2023/24 ulipoanza Wazito haikuwamo katika Ligi Kuu. Nani sokoni angenunua fahali watano kabla ya kuuliza nyasi zitatoka wapi?

Mathare United nayo haikuwamo msimu huo. Hii ni bingwa wa 2008, iliyozaliwa na chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa 1987 katika vibanda vya Mathare. Iliingia matatani hata ikashindwa kutokea katika baadhi ya mechi zake. Lakini kwa msimu wa 2024/25 ilikuwa imerejea juu. Nyumbani kwake kuna vijana wanaochipuka kila mwaka, kama mbuzi ambao mfugaji huanza nao baada ya ukame kwa kuwa huzaa upesi kuliko ng'ombe.

Timu za Garissa hucheza madaraja ya chini, kwa hiyo utasema mambo haya hayawahusu. Yanawahusu kuliko wengine. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370, na kila daraja timu inalopanda huongeza safari za namna hiyo. Mwishoni mwa 2023, mvua iliyongojwa ilipokuja kwa hasira, Tana ilifurika ikakata barabara upande wa Madogo, na watu wakavuka kwa mashua. Timu yenye mechi ugenini wiki kama hiyo ingelipa nauli ya basi, ya mashua, na ya basi jingine ng'ambo ya pili, kabla haijamlipa mchezaji hata shilingi moja.