Matetea Wanashiba, Mbona Mayai ni Madogo?



Katika ziara za ufuatiliaji wa vikundi vya ufugaji, swali ninaloulizwa zaidi na kamati za sharika si la ugonjwa. Chanjo ya kideri vikundi vingi sasa vinaizingatia. Swali ni hili: kuku wana wiki 22, chakula hakikosekani, mbona wanaotaga ni wachache na mayai yenyewe ni madogo?

Hali hiyo tuliikuta kwa kikundi kimoja cha akina mama waliokopeshwa vifaranga 200. Bei ya dagaa ilipopanda waliwaondoa kwenye mchanganyiko na kuongeza mashudu ya alizeti. Kiasi cha protini kwenye karatasi hakikubadilika, ndiyo maana hata mimi niliyepitisha bajeti sikuona tatizo. Kuku walifika umri wa kutaga wakiwa wepesi, na trei zilizotegemewa kulipa marejesho hazikufika nusu. Akina mama walijilaumu, lakini mwenye kulaumiwa nilikuwa mimi, maana ndiye niliyesomea mambo haya.

Protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na aina zake ni kama 20. Tuchukue mfano wa herufi. Ukitaka kuandika neno "mama" mara kumi unahitaji m 20 na a 20. Ukiwa na m nane tu utaliandika mara nne, hata kama una debe zima la a. Kuku naye hujenga nyama, manyoya na yai kwa namna hiyo hiyo. Asidi amino iliyopungua ndiyo inayoamua kazi itafika wapi, na zile zilizozidi mwili hauziweki akiba, bali huzivunja na kuzitoa kwenye kinyesi. Harufu kali ya amonia bandani mara nyingi ni fedha ya chakula iliyopotea.

Katika vyakula vyetu vya mahindi, pumba na mashudu, zinazopungua kwanza ni mbili: lisini na methionini. Kuku hawezi kujitengenezea hizi, lazima azile. Kilo moja ya mahindi ina lisini isiyozidi gramu 3 hivi. Mashudu ya alizeti yana gramu 10 hivi, mashudu ya soya karibu 28, na dagaa safi waliosagwa huweza kupita 40. Kwa hiyo akina mama wale walibadilisha chakula chenye lisini nyingi kwa chenye lisini kidogo, wakidhani protini ni protini. Soya nayo ina upungufu wake, nao ni methionini. Hiyo ikipungua manyoya huwa hafifu, mayai hubaki madogo, na kuku huanza kudonoana.

Lakini kwa nini tetea aumie kuliko kuku mkubwa? Kwa sababu kuanzia wiki ya 18 hadi ya 30 ana kazi mbili kwa pamoja: anataga, na bado anakua. Na tumbo lake ni dogo. Tuseme anahitaji miligramu 800 za lisini kwa siku. Akila gramu 85 tu, kila kilo ya chakula iwe na lisini zaidi ya gramu 9. Baadaye akifikia kula gramu 110, gramu 7 na kidogo zitamtosha. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunawapa matetea chakula hafifu kwa kuwa "bado hawajaanza kuleta fedha", kisha tunakiboresha mayai yakishaonekana. Wakati huo umbo limeshajengwa, maana sehemu kubwa ya mifupa hukamilika kabla ya wiki ya 12 au 13.

Njia ni kuchanganya mashudu ya alizeti na soya, ili kila kimoja kizibe pengo la mwenzake, na dagaa kidogo kama wapo. Soya isiyokamuliwa ikaangwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni. Dagaa watieni kwenye glasi ya maji kabla ya kununua gunia. Mchanga utazama, mtaona mnachouziwa. Lisini na methionini za unga zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo, na kiasi kidogo kwa kilo 100 za chakula huwa nafuu kuliko kuongeza dagaa. Chokaa nyingi ya kuku wanaotaga msiwape mapema, huharibu figo. Na pimeni uzito wa kuku kumi kila wiki mbili, kwa mzani ule ule.

Kwa wafadhili wetu: maombi mengi yanayotufikia yana banda, vifaranga na chakula cha miezi miwili ya mwanzo. Kuanzia robo ijayo tutaomba chakula kihesabiwe hadi wiki ya 30, hata kama ni lazima idadi ya vifaranga ipungue kutoka 200 hadi 120.